Jembe na Kitabu: Bamia, karanga na kura za Kusini

Mwezi uliopita tuliongea juu ya mboji na majivu. Baada ya gazeti kutoka, mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniambia: "Mwalimu, kila mwezi mboga, mboga. Sisi wazee tunataka siasa kidogo." Haya mzee wangu, leo ni siasa. Lakini itapitia bustanini, maana mimi bila jembe siwezi kuandika.

Siasa ya nyumbani na siasa ya nchi iliyotupokea siziandiki hapa, sababu mnaijua. Nitawapeleka mbali kidogo, Kusini ya Marekani: Mississippi, Alabama, Georgia, South Carolina na majirani zao. Familia nyingi hapa kambini zina mtu wao kule, wengine Kentucky, wengine Texas, wengine North Carolina. Na wengine walikuwa wanangoja zamu yao, mpaka safari zikasimamishwa Januari 2025 na mafaili yakalala. Kwa hiyo si nchi ngeni kabisa kwetu. Mtu akipiga simu kutoka kule, mama zetu wanauliza kwanza, "Unakula nini huko?" Na jibu linawashangaza: bamia zipo, kunde zipo, karanga zipo, viazi vitamu vipo, na mboga za majani wanazipika muda mrefu kama sisi na sombe. Eti Wazungu nao wanazila!

Kumbe haishangazi. Bamia na kunde zilitoka kwetu Afrika. Zilivuka bahari wakati wa biashara ya watumwa, katika meli zile zile zilizobeba watu. Karanga safari yake ni ndefu zaidi. Ilianzia Amerika ya Kusini, Wareno wakaileta Afrika, watu wetu wakaizoea, halafu ikarudi tena ng'ambo pamoja na watumwa mpaka Marekani ya Kaskazini. Ushahidi uko katika majina. Wenzetu wanaosema Kilingala au Kikongo, karanga mnaiitaje? Nguba. Basi kule Georgia wazee wanaiita "goober", na hilo ni neno letu lile lile, limechakaa tu njiani. Kuna pia mchuzi mzito wa Louisiana unaoitwa "gumbo". Jina hilo linatoka katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Mtu ananyang'anywa nguo, nyumba, hata jina lake mwenyewe, lakini jina la mboga linabaki mdomoni miaka mia tatu. Niliposoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Sasa tuingie bustanini kwao. Katika mashamba makubwa ya pamba na mpunga watumwa walikuwa wanapewa posho. Ndiyo, posho, kwa zamu na kwa kipimo. Mara nyingi ilikuwa unga wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi, basi. Sihitaji kuwaeleza ninyi maana ya kula unga ule ule wiki baada ya wiki. Katika mashamba mengi walikubaliwa kulima kijisehemu nyuma ya vibanda vyao, na saa za kulima zilikuwa usiku baada ya kazi ya bwana, au Jumapili. Humo walipanda bamia, kunde, viazi vitamu, maboga. Wengine walifuga kuku wakauza mayai. Mwenye shamba alifurahi kwa sababu chakula cha kuwapa kilipungua. Lakini na wao walipata kitu ambacho hakikuandikwa katika daftari la bwana. Wanahistoria wanabishana kama bustani zile ziliwasaidia watumwa au ziliwasaidia mabwana. Mimi naona zote mbili ni kweli, na mtu yeyote aliyewahi kulima matuta mawili nyuma ya hema ananielewa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza 1861 vikaisha 1865, na utumwa ukaondolewa. Swali likabaki moja: ardhi. Tarehe 16 Januari 1865 jenerali mmoja wa jeshi la Kaskazini, William Sherman, alitoa amri kwamba ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, iliyoachwa na mabwana waliokimbia, igawiwe watu waliotoka utumwani, kila familia isizidi ekari 40. Katika miezi michache watu kama 40,000 walikuwa wamekaa pale, wamejenga, wamepanda. Halafu rais Lincoln akauawa mwezi wa nne, akaingia Andrew Johnson. Mwaka haujaisha, Johnson akaamua mabwana wa zamani warudishiwe mashamba yao. Askari wakaja kuwaambia watu watoke, au wakubali kumfanyia kazi bwana yule yule. Walikuwa na mazao shambani. Ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakarudi miaka mingi baadaye wakakuta mtu mwingine amejenga juu ya shamba la baba, nadhani hapa mnaweza kusoma polepole.

Baada ya hapo ukaja ule utaratibu wa kulima shamba la mtu na kugawana mavuno. Mwenye shamba anakukopesha mbegu, jembe, unga, nguo. Wakati wa kuvuna anafungua daftari, na hesabu anaipiga yeye. Mwisho wa mwaka unadaiwa. Hukujua kusoma, utabisha na nini? Ndiyo maana huwa nawapigia kelele wazazi kuhusu darasa la watu wazima, hesabu kwanza.

Hapa namleta mtu ninayempenda sana, George Washington Carver. Alizaliwa mtumwa huko Missouri karibu na mwaka 1864. Akiwa mtoto mchanga waliibwa na majambazi, yeye na mama yake. Yeye alirudishwa, mama hakuonekana tena. Alihangaika kutafuta shule, akahama kutoka mji hadi mji, mpaka akawa msomi wa mimea. Mwaka 1896 aliitwa kufundisha Tuskegee, Alabama, shule ya watu weusi iliyoanzishwa 1881. Huyu ndiye bwana shamba wa kweli, au kama tunavyosema sisi, agronomu. Alikuta udongo wa Alabama umechoka kabisa. Walipanda pamba juu ya pamba, miaka na miaka, hata karibu na mlango wa nyumba, kwa sababu mwenye shamba alitaka pamba na si mboga. Carver akawaambia wakulima: pumzisheni udongo kwa kupanda kunde, karanga, viazi vitamu.

Sababu yake ni hii, na inafaa hata hapa. Ng'oa mche wa kunde taratibu utazame mizizi. Utaona vinundu vidogo kama shanga. Ndani yake wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao wanachukua naitrojeni kutoka hewani na kuiweka katika udongo. Naitrojeni ndiyo chakula ambacho mahindi na mchicha vinakitafuta. Hiyo ni mbolea ya bure. Kwa hiyo kunde zikimaliza, usizing'oe. Kata shina juu ya ardhi, mizizi uiache ioze humo humo, halafu panda lengalenga palepale. Karanga na maharage ni hivyo hivyo.

Carver hakungoja wakulima waje shuleni. Mwaka 1906 yeye na wenzake walitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, wakapakia mbegu, majembe na vifaa, wakawa wanazunguka vijijini kufundisha. Na aliandika vijitabu kwa lugha rahisi, vya bei ndogo. Kimoja cha mwaka 1916 kinaeleza kulima karanga na njia 105 za kuitayarisha. Mia moja na tano! Sisi tunajua kukaanga, kuchemsha na kutia kwenye sombe, tunajiona tumemaliza. Watu wanasema Carver ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Hiyo si kweli, na mimi sioni kwa nini wamwongezee, aliyoyafanya yanatosha. Alikufa mwaka 1943.

Karanga ilipanda mpaka ikaingia ikulu. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 1977 mpaka 1981, alikuwa mkulima wa karanga wa kijiji cha Plains huko Georgia. Alikufa Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Uchaguzi wake wa kwanza mkubwa, wa kiti cha seneti ya jimbo mwaka 1962, aliibiwa kura. Katika sehemu moja kura zilizidi watu, na hata waliokuwa makaburini walipiga. Tena majina ya wapiga kura yakafuatana kwa alfabeti, kana kwamba watu walipanga foleni kwa mujibu wa herufi. Carter alikwenda mahakamani akapata kiti chake. Wazee, mkidhani mambo hayo yako kwetu tu, basi leo mmepata habari.

Lakini mwaka huo huo wa 1962 kulikuwa na watu ambao hata kuibiwa kura hawakuweza, kwa sababu hawakuwa nayo. Nataka nikae hapa kidogo.

Mississippi, katika eneo la pamba linaloitwa Delta, alikuwepo mama mmoja, Fannie Lou Hamer. Alizaliwa mwaka 1917, wa mwisho katika watoto 20. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Alipokuwa mtu mzima aliishi na mumewe katika shamba la bwana miaka 18. Sheria ya nchi ilisema mtu mweusi ana haki ya kupiga kura. Lakini ukitaka kujiandikisha Mississippi, karani anakupa mtihani: soma kipande cha katiba ya jimbo, ukiandike, ukieleze. Umefaulu au umeshindwa, anaamua yeye. Mwalimu mweusi aliweza kushindwa, mzungu asiyejua kusoma akapita.

Tarehe 31 Agosti 1962, mama Hamer na wenzake 17 walipanda basi la zamani wakaenda mji wa Indianola kujiandikisha. Hawakupita mtihani. Wakati wa kurudi polisi walisimamisha basi na kumtoza dereva faini. Kosa gani? Rangi ya basi ilikuwa ya njano sana, inafanana na basi la shule. Alipofika nyumbani, mwenye shamba alikuwa amekwisha kusikia. Akamwambia aende akafute jina lake, la sivyo aondoke. Akaondoka usiku huo huo. Mumewe alilazimika kubaki mpaka mavuno yaishe. Siku chache baadaye watu walipiga risasi 16 katika nyumba alimokuwa amelala. Yeye hakuwemo, alikuwa amekwenda kulala kwingine. Januari 1963 akarudia mtihani, akapita. Juni mwaka huo alikamatwa akapigwa gerezani vibaya sana, akabaki na ulemavu mpaka kufa.

Na sasa sehemu ambayo kwangu ni ngumu zaidi. Majira ya baridi yale, 1962 kuingia 1963, katika wilaya ya Leflore, jirani pale pale, viongozi wa wilaya walikata mgao. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa inatoa unga, mchele, maziwa ya unga na vitu vingine kwa maskini, na vilipitia mikononi mwa wilaya. Watu weusi walianza kujiandikisha kupiga kura, wilaya ikasimamisha chakula. Watu kama 22,000, wengi wao weusi, walitegemea chakula hicho wakati ambapo pamba imekwisha na hakuna kibarua. Vijana wa harakati, wengi wa umri wangu, wakaanza kukusanya chakula katika miji ya Kaskazini na kukisafirisha kwa magari. Ikatokea jambo ambalo viongozi hawakulitegemea. Watu waliofuata chakula kanisani walikutana na vijana wale wale wanaoandikisha kura, na foleni ya kujiandikisha ikawa ndefu kuliko kabla. Mgao ulirudishwa mwaka 1963 baada ya serikali kuu kuwabana.

Mwaka 1964 mama Hamer alikwenda mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Demokratiki, ile inayokagua uhalali wa wajumbe, na kueleza aliyoyapata, huku televisheni zikionyesha. Rais Johnson wa wakati huo (si yule wa 1865, jina tu limefanana) aliita waandishi wa habari haraka ili kamera zigeukie kwake. Haikusaidia, jioni televisheni zilirudia maneno ya mama. Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965. Mwaka 2013 mahakama kuu yao iliipunguzia nguvu, na ubishi unaendelea kule.

Mngetegemea kwamba mtu akipata kura anapumzika. Mama Hamer akasema hapana, mtu mwenye njaa kura yake inanunuliwa, na anayekaa katika nyumba ya bwana anaweza kufukuzwa usiku. Yeye alijua. Mwaka 1969 alianzisha ushirika ulioitwa Freedom Farm, yaani Shamba la Uhuru. Walianza na ekari 40, baadaye wakafika kama 680. Ada ilikuwa dola moja kwa mwezi, na wengi hata hiyo hawakuwa nayo, lakini walikula. Walipanda bamia, kunde, mboga za majani, viazi vitamu, maharage. Na maskini wa Kizungu nao walipewa, jambo ambalo naliheshimu sana.

Walikuwa pia na benki ya nguruwe. Ndugu zetu Waislamu mtanisamehe, mnaweza kuweka mbuzi mahali pake. Familia inapewa nguruwe jike mwenye mimba. Anazaa, watoto wa nguruwe wanabaki kwa familia, mama anarudishwa benki na kwenda kwa familia nyingine. Hakuna fedha iliyokopeshwa, hakuna riba, hakuna daftari la bwana. Tangu nisome habari hiyo nimekuwa nikiwaza kuhusu sungura wetu hapa. Kikundi chenye majike watatu kingeweza kuanza.

Nisiwafiche, Shamba la Uhuru halikudumu. Kulikuwa na deni la ardhi, mafuriko, ukame, mwaka 1971 kimbunga. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa mbali, na wafadhili walipogeukia mambo mengine shamba likaishiwa. Katikati ya miaka ya 1970 ardhi ilipotea. Mama Hamer alikufa Machi 1977, akazikwa katika mji wa Ruleville, katika kipande cha ardhi kilichokuwa cha ushirika ule. Wengine wanaandika kwamba shamba lilishindwa. Mimi nauliza, familia zilizokula miaka ile zilishindwa nini?

Kwa jumla ardhi iliwatoka. Mwaka 1920 wakulima weusi wa Marekani walikuwa zaidi ya 900,000. Leo hawafiki 50,000. Wengine walikimbilia miji ya Kaskazini, wengine walinyimwa mikopo. Na wengi walipoteza kwa jambo linaloonekana dogo: mzee alikufa bila kuandika wosia. Shamba likawa la watoto wote, wajukuu wote, vitukuu wote, hakuna hati yenye jina. Tajiri anamtafuta mjukuu mmoja anayeishi mbali, ananunua sehemu yake, halafu anakwenda mahakamani kuomba shamba zima liuzwe. Wazee, mipaka ya mashamba ya nyumbani mnayo vichwani mwenu: mto fulani, mti wa mwembe, kaburi la babu. Naomba mwiteni mtoto anayejua kuandika, mumtajie, aandike katika daftari na tarehe. Daftari hilo halitakuwa hati, lakini mkiulizwa siku moja mtakuwa na cha kuonyesha.

Sasa bamia yenyewe, maana msimu umefika. Mbegu ni ngumu, ziloweke maji usiku mmoja. Panda kina cha nusu kidole, acha futi moja na nusu kati ya mche na mche, au mche mmoja kwa kila gunia dogo. Inapenda jua, haipendi miguu kukaa majini. Maji ya kuoshea mboga yanatosha, ya sabuni nyingi hapana. Baada ya karibu miezi miwili unaanza kuchuma. Chuma kila siku ya pili, zikiwa na urefu wa kidole, maana ukichelewa zinakuwa kamba. Ukichuma vizuri, mche unaendelea kuzaa. Mche ulio mzuri kuliko yote, achia maganda matatu au manne yakauke palepale mpaka yaanze kupasuka. Toa mbegu, ziweke kwenye chupa kavu yenye majivu kidogo.

Ninazo mbegu kama vikombe viwili, nilipewa na mama mmoja wa kijiji cha tano. Nitazigawa Jumamosi baada ya darasa la watu wazima, kijiko kimoja kwa kila nyumba. Ukivuna utarudisha vijiko viwili, na hivyo nitavipeleka kwa nyumba mbili nyingine. Njooni na chupa zenu, karatasi sina.